Si Kila Tundu ni Ufa



Katika Mahubiri ya Mlimani, Mathayo sura ya 6, aya ya 19, Bwana wetu anawataja waharibifu watatu wa mali ya dunia: nondo, kutu na mwivi. Juu ya mwivi tumesikia mahubiri mengi, na kila mwenye nyumba ameweka komeo na kufuli. Lakini tazameni jinsi Bwana alivyowapanga. Mwivi amemtaja mwisho. Nondo na kutu wametangulia, nao hawavunji mlango wala hawangoji usiku. Wamo humo humo ndani, sandukuni na ukutani, na mwenye mali anapita karibu nao kila siku. Wahenga wetu nao waliliona jambo hilo waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Wenye kuijua lugha ya Kiyunani hutufundisha kwamba neno lililofasiriwa kutu katika aya hiyo lina maana ya ulaji, yaani kitu kinachokula. Tena mtume Yakobo, anapowaonya matajiri katika sura ya 5 kwamba dhahabu na fedha yao imeingia kutu, analitumia neno lile lile alilolitumia katika sura ya 3 kwa ajili ya sumu iliyo katika ulimi. Basi kutu hula, na kutu ni sumu. Katika majuma haya ya Kwaresima twapenda kuitafakari kutu hiyo pamoja nanyi, na kwa kufundishia tutatumia gari kuukuu.

GARI LENYEWE

Wasomaji wetu wa makamo na wazee watalikumbuka gari liitwalo Datsun 240Z. Ni gari la spoti, la milango miwili na viti viwili, lenye pua ndefu na kisogo kifupi. Kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuliuza mwaka 1969, na huko kwao waliliita Fairlady Z. Injini yake ina silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, na kabureta mbili. Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za dramu. Magari yaliyoitwa 240Z yaliuzwa ng'ambo mpaka mwaka 1973, kwa hiyo yale yaliyobaki yamekwisha kupita umri wa miaka 50.

Kwetu Afrika Mashariki sifa zake zilitoka katika mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Wengi wetu tuliokuwa watoto siku hizo twakumbuka jinsi ilivyokuwa vigumu kutulia kanisani siku ya Pasaka, masikio yetu yakiwa barabarani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari hilo. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, naye Mehta baadaye akaja kushinda mara nne nyingine. Katika mashindano hayo ya 1973 Mehta alilingana na mpinzani wake kwa alama za adhabu, akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza. Twaliweka jambo hilo akilini: hata mshindi alifika akiwa na adhabu zake.

Mtu anayemiliki gari la namna hiyo leo hana budi kujifunza kulitengeneza mwenyewe nyumbani. Vipuri ni vya shida, na mafundi wanaozijua kabureta hizo wamezeeka. Kwa hiyo Jumamosi utamkuta nyuma ya nyumba na jeki, spana na matambara. Atazifungua plagi azisafishe. Atapima nafasi ya platini. Ataongeza oili kidogo juu ya kabureta, maana kabureta za namna ile zina kikombe kidogo cha oili kinachoituliza pistoni iliyo ndani, na kikikauka gari hukwamakwama ukikanyaga mafuta. Hizo ni kazi za siku moja au mbili, nazo si ngumu kuzijua, kwa kuwa injini ikiugua hupiga kelele. Injini hukohoa, na jirani husikia. Kutu haikohoi.

MAJI HUINGIA KATIKA KILA GARI

Kila mwanafunzi wa sayansi anajua kwamba kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Chumvi huiharakisha, nasi tunaokaa karibu na bahari twaijua kazi yake kwa mabati ya nyumba zetu. Na gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Lori likioza bodi, chesisi yaweza kubaki salama. Bali 240Z bodi yake ndiyo mifupa yake. Sakafu, vizingiti vilivyo chini ya milango, na mihimili ya bati iliyochomelewa chini ya sakafu, hivyo ndivyo vinavyolishikilia gari zima. Kutu ikila hapo, rangi yaweza kung'aa bado na watu wakalisifu barabarani, lakini siku ya kupata ajali aliyeketi ndani hana kinga.

Sasa angalieni hekima ya wale waliolibuni. Walijua kwamba maji yataingia. Mvua hupenya kando ya kioo na kuteremka ndani ya mlango, na ndivyo ilivyo katika karibu kila gari. Kwa hiyo chini ya milango na chini ya vizingiti waliacha matundu madogo. Hawakuyasahau hayo, waliyaweka kwa makusudi, ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea.

Basi gari huozaje? Vumbi, matope na majani makavu huyaziba matundu hayo kidogo kidogo. Au mwenye gari huyaziba mwenyewe. Anaona tundu chini ya kizingiti, anadhani ni kasoro, anamwambia fundi alijaze puti na kulipaka rangi. Gari linapendeza. Lakini mvua inapokuja, maji huingia kama yalivyoingia siku zote, nayo hayatoki tena. Hukaa gizani, na chuma huanza kuliwa kutoka ndani kuja nje. Siku rangi inapofura kama lengelenge, ujue kazi imekwisha kufanyika zamani. Yako magari yaliyofunikwa turubai la plastiki kwa mapenzi makubwa, yakaoza upesi kuliko yale yaliyoachwa yapigwe na upepo, kwa sababu unyevu ulifungiwa ndani.

Twasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo ni ya kweli. Lakini si kila tundu ni ufa. Gari halikuoza kwa sababu maji yaliingia. Lilioza kwa sababu maji hayakuwa na pa kutokea.

Wapendwa, hilo ndilo neno letu la mwezi huu. Uchungu huingia katika kila nyumba, na dhambi huingia katika kila moyo. Mtume Paulo amesema wazi katika Warumi 3:23 kwamba hakuna asiyepungukiwa. Hata mshindi hufika na alama zake za adhabu. Mungu wetu anatujua, maana ndiye aliyetuumba, na kwa sababu hiyo alituwekea matundu: kuungama kwake, kuambiana kweli sisi kwa sisi, na kusameheana kabla jua halijatua. Someni Mithali 28:13, Yakobo 5:16 na Waefeso 4:26. Mtu hapotei kwa kuwa amekosa. Hupotea kwa kuwa ameyaziba matundu.

NDUGU WAWILI

Twawajua ndugu wawili, Wakristo wa kawaida kama sisi, ambao baba yao aliwaachia gari la namna hiyo. Lilisimama katikati ya kiwanja, kati ya nyumba ya mkubwa na nyumba ya mdogo, chini ya turubai. Walikuwa wamegombana juu ya ugonjwa wa baba. Mkubwa aliona kwamba mdogo, aliyefanya kazi mbali, hakutoa sehemu yake ya gharama za matibabu. Mdogo alisikia kwamba mkubwa aliuza ng'ombe wawili wa baba bila kumwambia. Wazee waliitwa. Wazee wakasema yaishe, pengine kwa nia njema, wakawapeanisha mikono, soda zikanywewa, sala ikaombwa. Hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe wala za fedha.

Wakakaa miaka mitatu wakisalimiana vizuri. Kanisani walitoa amani kama watu wote. Lakini mama yao alikula kwa zamu, leo nyumba hii, kesho nyumba ile, na kasisi alipokwenda kumpa Ushirika Mtakatifu nyumbani, yule mmoja hakuja kamwe mwenzake akiwapo.

Mdogo alipostaafu akarudi nyumbani, aliliondoa turubai akitaka kulifufua gari la baba. Rangi ilikuwa bado nzuri. Fundi wa bodi akachukua bisibisi, akakidonoa kizingiti chini ya mlango, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akachungulia, akawaambia, "Wazee wangu, aliyelipaka rangi gari hili aliyaziba matundu. Maji mliyafungia wenyewe."

Akawaeleza pia kwamba hapakuwa na njia ya mkato. Puti nyingine haitafaa, kwa kuwa haishiki juu ya kutu. Bati jipya likichomelewa juu ya bati lililooza litaachia. Ni lazima kukata mpaka kukifikia chuma kizima, hata kama kwa kukata tundu linakuwa kubwa kuliko mlivyodhani. Ndipo uchomelee bati jipya kwenye chuma kizima, upake rangi ya kuzuia kutu, unyunyize nta au oili ndani ya uvungu, na kuyaacha matundu wazi.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, mmoja hushika na mwingine hukwangua. Wale ndugu wakawa wanakutana Jumamosi kwa msasa na tindo. Jumamosi moja, wakiwa wamelala chini ya gari, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mahali ambapo hakuna amwonaye mwenzake uso, mdogo akauliza, "Kaka, wale ng'ombe ilikuwaje?"

Mkubwa akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wale ng'ombe ndio dawa za baba za mwezi wa mwisho, mdogo wangu. Risiti ninazo ndani. Wewe hukuniuliza."

"Na fedha nilizozituma kwa mkono wa binamu?"

"Fedha gani?"

Hawakupona siku ile. Yalisemwa maneno makali, na Jumamosi mbili zilipita bila kazi. Binamu naye ilibidi aitwe, na hilo halikuwa jepesi. Ndiyo maana twasema kukata huliongeza tundu kwanza. Lakini chuma kizima kilifikiwa. Sasa mama yao anakula mahali pamoja na wanawe wote wawili wapo. Gari lenyewe halijatembea bado, kwa kuwa wanangoja vipuri vya breki.

TUJIPIME

Kwanza, tuangalie ibada yetu. Sisi Waanglikana tunalo tundu letu lililowekwa kwa makusudi na waliotutangulia. Katika Sala ya Asubuhi, Sala ya Jioni na Ushirika Mtakatifu, hatufiki mbali kabla ya kuitwa kuungama. Wala hakuna anayepitishwa kando, kasisi hupiga magoti pamoja na mfagiaji wa kanisa. Lakini tundu hilo laweza kuzibwa na mazoea. Twayasema maneno kwa moyo kama watoto wanavyosema jedwali la kuzidisha, na akili ikiwa kwenye chungu tulichokiacha jikoni. Tuliokuwa walimu twajua kwamba kosa lililosahihishwa siku ile ile mtoto hulishinda, na kosa lililoachwa mpaka mwisho wa muhula humganda. Basi tunapoitwa kuungama, kila mmoja alete jambo moja lenye jina. Asiseme tu kwamba ametenda dhambi nyingi. Aseme kimoyomoyo: lile neno nililomwambia mke wangu Alhamisi.

Pili, tuangalie nyumba zetu na desturi yetu ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Kuna aibu ndogo zinazostahili kufunikwa kwa upendo, na Mtume Petro amefundisha hivyo. Lakini mama anapopigwa, mtoto anapoonewa, mjane anaponyang'anywa shamba, na sisi wazee tukamwambia avumilie ili jina la jamaa lisiharibike, hapo hatukufunika kwa upendo. Tumejaza puti. Maji yamo ndani, na anayeliwa ni yule dhaifu aliyeketi humo, aliyedhani kwamba gari letu litamkinga. Amani isiyoruhusu swali ni rangi juu ya kutu. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo habari za makaburi yaliyopakwa chokaa, katika Mathayo 23:27, nasi tusidhani aliwaambia wao tu.

Tatu, tusikosee matumizi ya tundu. Liko chini, nalo hutoa maji polepole kwenda ardhini. Haliko juu ili kumrushia mpita njia. Mwenye kuyapeleka ya nyumba yake kisimani na sokoni hajaungama, amemwagia wengine. Kuungama ni kumwendea Mungu, na kumwendea yule yule uliyemkosea au aliyekukosea, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu kwanza. Na ambaye moyo wake hauwezi kutulia aende kwa kasisi. Mlango wa kasisi ni sehemu ya matundu hayo.

Nne, tukumbuke aya yetu ilianza na onyo juu ya hazina. Hatuwasifu wale wanaomwaga karo za watoto katika gari kuukuu. Bwana alituagiza kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, Luka 14:28, na gari lililokula chakula cha nyumba limekwisha kuwa kutu yenyewe, hata kama bodi yake ni safi. Gari hata likitengenezwa vizuri namna gani litakwisha. Yule aliyelala upande wa pili wa gari, akishika spana, hatakwisha. Huyo ndiye hazina ambayo twaweza kuwa nayo mbinguni.

Pasaka inakaribia. Watu watapaka nyumba rangi na kushona nguo mpya, na si vibaya. Lakini kabla ya rangi, kila mmoja achukue bisibisi yake na kudonoa chini ya mlango. Mtu gani unamsalimia vizuri lakini huwezi kukaa naye peke yenu? Jambo gani liliishia kwenye soda bila swali lililo kubwa kuulizwa? Hapo ndipo pa kuanzia. Usingoje mpaka Ijumaa Kuu. Nenda juma hili, nenda bila mashahidi, ukaulize kwa upole, nawe uwe tayari kusikia jibu usilolitaka. Na ukiulizwa wewe, usimkatize mwenzako. Aliye chuma kizima chini ya yote tunayoyakata ni Kristo mwenyewe, na hakuna aliyekata mpaka akamfikia akajuta.

Tuombe.

Ee Mungu mwenye rehema, wewe uliyetuumba wajua yaliyoingia ndani yetu. Yafungue matundu tuliyoyaziba kwa kiburi na kwa hofu. Utupe ushujaa wa kuuliza, na upole wa kujibu. Uwalinde walio dhaifu ambao ukimya wetu umewaumiza, na utufikishe katika Pasaka tukiwa tumepatanishwa nawe na sisi kwa sisi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.